Mbwa anachambua nyama, ugali anauacha

"Shikamoo daktari. Nipo Mafinga. Tuna mbwa dume, chotara, ana miaka miwili na nusu, kama kilo 20 hivi. Mchana anashinda kwenye uwanja wetu wa mbao, usiku analinda hapo hapo uani. Tangu mwezi wa tano amekuwa mgumu kula. Nikimwekea ugali na dagaa ananusa tu na kugeuka. Nikimchanganyia na supu ya nyama iliyobaki anachambua nyama zote, ugali anaubakiza kama ulivyo. Nikimpa mapafu peke yake anamaliza na kulamba bakuli. Mume wangu anasema nimemdekeza, nimwache na njaa wiki nzima atakula tu. Jirani anasema mbwa ni mnyama wa nyama, ugali unamharibu, nimpe nyama mbichi na atakuwa mkali. Mwingine kasema nimtwangie kitunguu saumu atoke minyoo, hamu itarudi. Hajakonda sana, ila roho inaniuma kumwona hali. Nimlishe nini, na nifanyeje ale?"

Marahaba, dada yangu.

Kuna maneno mawili umeyasema kama kwa kupita tu, na mimi ndiyo niliyoanza nayo: "hajakonda sana." Mbwa wa kilo 20 ambaye kweli hali tangu mwezi wa tano, leo ungekuwa unazihesabu mbavu zake ukiwa ng'ambo ya barabara. Kama mwili upo, basi chakula kinaingia. Tujue kinaingilia wapi, na ni chakula gani. Kwa hiyo, kabla ya sufuria, tuanze na mbwa mwenyewe.

Mpapase mbavu. Usizitazame kwa macho tu, maana manyoya ya chotara hudanganya, hasa msimu wa baridi. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo vyake: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Fungua kiganja, bonyeza ile nyama chini ya kidole gumba: mbavu zikijificha namna hiyo, amenenepa. Sasa pitisha kidole kwenye mgongo wa kiganja, pale unapohisi mifupa lakini ina kifuniko chembamba. Hapo ndipo tunapomtaka. Akiwa hapo, lala usingizi. Yaelekea una mbwa mchaguzi, si mbwa mgonjwa. Fanya hivyo kila Jumapili, na mkono wako utakuambia mengi kuliko bakuli.

Halafu nenda ukakae kwenye uwanja wa mbao siku moja, tangu asubuhi, na kazi yako iwe kumfuata mbwa kwa macho. Uwanja wa mbao una watu: wapakiaji, dereva wa fuso aliyekuja jana usiku, mama wa chai na beseni lake la maandazi, vijana wanaonunua chipsi saa saba. Kila mmoja anamtupia kidogo na hakuna anayejua kwamba mwenzake kashatupa. Andazi moja la kawaida lina kalori zipatazo 150 hadi 200. Mbwa wako, kwa uzito wake, anahitaji kalori kama 1,000 kwa siku. Akiokota maandazi manne na kiganja cha chipsi, zaidi ya nusu ya siku yake imeshalipwa kabla hujawasha moto. Jioni unamwekea ugali, ananusa, anageuka. Wewe unaona mbwa anayekataa chakula, kumbe ni mbwa aliyeshiba anayesubiri kitafunio. Sijaufika uwanja wenu, lakini nimeona mbwa wa gereji, wa mabucha na wa stendi, na hadithi yao huwa hiyo hiyo.

Umesema pia imeanza mwezi wa tano. Huo ndio mwezi baridi ya huko kwenu Mufindi inapoanza kuuma, na hilo si jambo dogo. Sisi tunakula kwa ulimi, mbwa anakula kwa pua. Ulimi wa binadamu una vinundu vya kuonjea ladha vipatavyo 9,000, wa mbwa una kama 1,700 tu. Lakini pua yake hatuifikii hata kwa ndoto. Harufu hupanda na mvuke. Ugali ulioshushwa saa kumi na mbili jioni, ukakaa nje Mafinga, saa moja na nusu umeshakuwa tofali, hauna harufu ya kumwita mtu wala mbwa. Mapafu yaliyochemshwa yananuka hata yakipoa, ndiyo maana yanashinda. Kwa hiyo jambo la kwanza la kubadilisha halina gharama yoyote: mpe chakula kikiwa vuguvugu, joto la maziwa ya mtoto. Ukoko wa jana umwagie maji ya moto ufunike dakika kumi. Na tukubaliane kwamba baridi hiyo hiyo inamfanya ahitaji chakula zaidi, kwa sababu mwili unaolala nje unachoma akiba usiku kucha ili upate joto.

La tatu litakuuma kidogo. Shemeji ana nusu ya ukweli. Umemfundisha, ila hukujua kwamba unafundisha. Fikiria abiria anayejua kwamba akisimama kando ya gari na kujifanya haendi, konda atashusha nauli. Atasimama kila siku. Mbwa wako siku moja aligeuka kutoka kwenye ugali, labda kwa sababu alishashiba, na baada ya robo saa ukaja na mchuzi. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu ukaleta mapafu. Kwa akili yake hesabu imekamilika: nikisubiri, vinakuja vizuri zaidi. Hana jeuri wala hakukomoi. Kajifunza jambo la kweli kuhusu wewe.

Pale shemeji anapokosea ni kwenye hiyo wiki nzima. Mbwa mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja au miwili hana shida. Lakini wiki ni adhabu, si mafunzo, na ubaya wake mkubwa ni huu: kama kuna ugonjwa, utakuwa umeuficha kwa siku saba ukidhani ni ukaidi. Hapa naongea kwa kovu langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi nilimwambia mzee mmoja wa huku Mbeya amwache jike lake na njaa, litakula tu. Siku ya tano akaniletea. Nikafungua mdomo: kipande cha mfupa kilikuwa kimekwama kwenye paa la kinywa, kimelala kati ya magego ya huku na ya kule, nyama ya juu imeshaanza kuoza. Mbwa alikuwa anataka kula, hawezi. Kilitoka kwa koleo ndani ya dakika mbili. Tangu siku hiyo simpi mtu ushauri wa njaa kabla ya kuuliza habari za kinywa.

Sasa jirani. Kwamba mbwa ni mnyama wa nyama na ugali unamharibu: si kweli kwa namna anavyosema. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa vinasaba uliolinganisha mbwa wa nyumbani na mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za baridi, ambao ndio ukoo wake (si hawa wetu wenye madoa wa kule Ruaha, hao ni ukoo mwingine kabisa). Kuna kinasaba kinachotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwa mwitu wale wana nakala 2 tu. Mbwa wa nyumbani wana kuanzia 4 hadi 30. Maana yake, katika maelfu ya miaka ya kuokota makombo yetu, mwili wake umejifunza kula wanga. Ugali ulioiva vizuri anaumeng'enya. Ambao haujaiva ndio unaomjaza gesi.

Ila ugali mtupu haumtoshi, na hapa jirani ana hoja japo kaifikia kwa njia nyingine. Protini ya mahindi ina upungufu wa vijenzi viwili muhimu, lisini na triptofani, na mahindi karibu hayana kalisi. Yana pia kitu kinachoshika madini ya zinki yasiingie mwilini, ndiyo maana mbwa anayelelewa kwa ugali na pumba pekee utamwona ana magamba kuzunguka mdomo na macho, na manyoya yasiyong'aa. Watu hudhani ni ukurutu, wanampaka oili chafu ya gari. Tafadhali, oili chafu asipakwe mbwa yeyote kwa sababu yoyote, anailamba.

Na nyama pekee haifai pia. Nyama ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, wakati mwili unataka kalisi iwe sawa na fosforasi au izidi hadi mara mbili. Mwili ukikosa kalisi kwenye damu unaikopa kwenye mifupa. Mtoto wa mbwa anayelishwa mapafu na nyama tupu hupinda miguu, na wengine huvunjika mfupa kwa kuruka tu kutoka kwenye benchi.

Ya nyama mbichi kumfanya mkali, nimeyasikia pamoja na ya pilipili na ya bangi. Hakuna hata moja. Pilipili inamchoma tumbo, bangi inamlevya, nyama mbichi inampa minyoo. Ukali wa ulinzi unatokana na ukoo wake na malezi yake. Mapafu na maini mabichi ndiyo mabaya zaidi, na hili nalisema polepole kwa sababu linawahusu watoto wako. Viungo vya ng'ombe, kondoo na mbuzi wakati mwingine huwa na malengelenge yenye maji. Ndani yake mna vichwa vya tegu mdogo sana. Mbwa akiyala mabichi, tegu hukua tumboni mwake bila kumwumiza. Mayai yanatoka kwenye kinyesi, yanaganda kwenye manyoya, mtoto anamkumbatia, anajilamba vidole. Ndani ya mtoto lengelenge hukua kwenye ini au pafu, taratibu, miaka mingi, na kulitoa ni upasuaji mkubwa. Yote hayo yanakatwa na sufuria: chemsha mapafu, maini na bandama kwa nusu saa tangu maji yaanze kuchemka. Yenye malengelenge usimpe hata yakichemshwa. Yachome au yafukie kwa kina.

Kitunguu saumu, hapana. Vitunguu vyote, saumu na maji, vibichi kwa vilivyopikwa, vina kitu kinachopasua chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kitunguu maji, gramu 15 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili wake zinaweza kumdhuru, na kidogo kidogo kila siku hujumlishika. Saumu ni kali zaidi gramu kwa gramu. Unaona sasa tatizo la ile supu iliyobaki? Imeungwa vitunguu. Ukitaka kumpa supu, mchotee kabla hujaunga. Minyoo ina dawa zake, na dawa inayoua tegu ni yenye prazikwanteli. Dawa nyingi za minyoo za ng'ombe hazimtoi tegu huyu. Mpe kila miezi mitatu, kwa uzito wake, si kwa kukadiria.

Tuje kwenye sufuria. Siri yake ni moja: asipate cha kuchambua. Ukiweka ugali bonge na nyama juu, umempa sahani ya harusi, ataanza na anachokipenda na kuishia hapo. Mpikie uji mzito badala ya ugali. Kwa mbwa wako, kwa siku nzima, pima gramu 150 za unga wa dona, kama kikombe kimoja cha chai kilichojaa. Chukua gramu 60 hadi 70 za dagaa wakavu, konzi mbili kubwa. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela ni wazuri sana, mradi wasiwe wa chumvi. Wapepete mchanga, watwange kwenye kinu, wapike humo humo ndani ya uji tangu mwanzo. Ongeza gramu 100 za mapafu, bandama au utumbo uliochemshwa, ukiwa umekatwakatwa kama wa kutia kwenye sambusa. Konzi moja ya mboga za majani au karoti. Ukishusha, tia kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya alizeti, ambayo Iringa hayakosekani, kwa ajili ya ngozi na manyoya. Maini mpe mara moja kwa wiki badala ya mapafu. Kila siku yatamzidishia vitamini A. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni.

Dagaa nawasisitiza kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo protini na kalisi vinakuja pamoja, na harufu yao mbwa hawezi kuipuuza. Wiki ambayo dagaa wamepanda bei, weka nyama au mayai yaliyochemshwa, na hapo uongeze nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyooshwa, kukaushwa na kusagwa yakawa unga laini. Maharage yaliyoiva yakawa laini yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya nyama. Yanaziba vizuri lile pengo la lisini kwenye mahindi. Viazi mviringo vilivyochemshwa vinaweza kubadilishana na dona, visiwe vya kijani. Maziwa yasiyogandishwa huwaharisha mbwa wengi wakubwa, mtindi wanauvumilia.

Unga uwe ule mnaokula ninyi. Najua mahindi yaliyoota ukungu huwa yanatengwa "ya mbwa." Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na ini la mbwa linaumizwa na sumu hiyo haraka. Kuchemsha hakuiondoi. Vitu vingine vya huku kwetu nivitaje haraka: machicha ya pombe ya komoni asipate, wala pombe ya ulanzi, hata kwa utani, mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vibanzi vya mbao, kokwa la parachichi likikwama utumboni ni kupasuliwa, chokoleti na zabibu kavu ni sumu.

Kuhusu chakula cha dukani, kile kikavu cha kwenye mfuko: kikiwa kizuri, kimepimwa kikamilifu kuliko sufuria yangu, sitakudanganya. Sufuria ya nyumbani siku zote itapungukiwa na kitu kidogo mahali fulani. Lakini kile kinachopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi siku nyingi, mafuta yake yameshachacha, na mbwa mchaguzi atakuwa wa kwanza kukugundulia. Ukiweza, mfuko uliofungwa, kiasi kidogo kichanganywe kwenye uji, upunguze unga kiasi hicho hicho. Usipoweza, uji wa dona na dagaa unatosha mbwa mzima kuishi vizuri. Kama angekuwa mtoto wa miezi mitatu ningesema mengine.

Na namna ya kumpa. Wiki ya kwanza ongea na wapakiaji na mama wa chai. Usiwakataze kwa ukali, watampa kwa siri. Wape kopo lenye vipande vya mapafu yaliyochemshwa na kukaushwa, waambie anayetaka kumtupia atoe humo, likiisha limeisha. Vitafunio vyote kwa siku visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake. Uji wenyewe uingize taratibu, siku saba, ukizidisha kidogo kidogo juu ya anachokikubali. Weka bakuli likiwa vuguvugu, ondoka, usimbembeleze. Baada ya dakika 20 liondoe, liwe limeguswa au halijaguswa, na hakuna kingine hadi mlo unaofuata. Maji yabaki muda wote. Siku ya pili atakutazama kwa macho ya yatima. Wengi hula siku hiyo jioni au kesho yake. Saa 48 zikipita bila kula chochote, na una hakika hajaokota uwanjani, acha zoezi, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Usingoje hata saa hizo ukiona anatapika mara kwa mara, anaharisha damu, fizi zimepauka au zina manjano, mkojo una rangi ya chai, ana joto na kupe wamemjaa (homa za kupe huanza hivyo hivyo, kwa kukataa kula), tumbo limevimba, au anasogelea chakula kwa hamu kisha anakiacha kidondoke. Huyo wa mwisho ni wa kinywa, kama yule jike wa mzee. Mtoto wa mbwa akikataa milo miwili, ni siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni hasa, zimeua mbwa ambao ningeweza kuwaponya.

Na kuna kukataa kula kumoja ambako hutakiwi kufungua mdomo kuangalia. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anatoa mate mengi, hawezi kumeza, taya limelegea, sauti imebadilika, au anauma vitu ovyo: hicho kinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Usimguse. Mfungie kwa mbali, mwite afisa mifugo wa kata. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kama kidonda ni mkwaruzo. Wa kwako hana dalili hizo kwa ulivyoeleza. Ila hukutaja chanjo yake, na mbwa anayeshinda na watu wote wale uwanjani lazima awe na ya mwaka huu.

Leo kabla ya kuanza mpime. Mizani ya magunia inatosha: shemeji apande akiwa amembeba, kisha apande peke yake, utoe. Andika ukutani kwa chaki. Pima tena baada ya wiki tatu, na ukiniandikia tena nitajie namba hizo mbili, pamoja na idadi ya maandazi uliyohesabu.